Kompyuta Iliyohama Bila Kujua

Katika shule moja ya bweni, kwenye vilima vilivyo kati ya mji wa Kisii na Nyamira, palikuwa na kompyuta moja iliyokuwa nne. Shule hiyo nimeibuni mimi, pamoja na fundi wake na msichana wa kidato cha pili mtakayekutana naye hapa. Mashine sikuzibuni. Zinafanya kazi hivi nitakavyowasimulia, Kisii na kwingine kote, na anayetaka kuzijaribu atazikuta.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya maktaba. Ukiingia unaona sanduku jeusi juu ya meza, feni inavuma, taa ya kijani inapepesa. Hakuna kioo, hakuna kibodi. Lakini mwalimu aliyekaa ofisini akiingiza alama za mtihani alikuwa anatumia kompyuta ya mitihani. Mkutubi aliyeandika nani kaazima kitabu gani alikuwa anatumia kompyuta ya maktaba. Wanafunzi wa somo la kompyuta nao walikuwa na yao ya mazoezi, waliyoruhusiwa kuiharibu watakavyo. Kila moja ilikuwa na nywila zake, programu zake, hata saa yake. Ya mazoezi ikigoma, ya mitihani haina habari. Zote tatu ziliishi ndani ya sanduku lile, na sanduku lenyewe ndilo kompyuta ya nne.

Kompyuta za namna hiyo huitwa kompyuta pepe. Sanduku linalozibeba ni mwenyeji, nazo ni wageni wake. Kati yao kuna programu moja inayogawa kila kitu: huyu apate kumbukumbu kiasi hiki, yule apate zamu ya prosesa kiasi kile. Tuiite msimamizi.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hadithi yote imesimama hapa. Kompyuta ya mitihani iliamini kwamba ina diski yake ya gigabaiti 60. Haikuwa nayo. Ilichokuwa nacho ni faili moja kubwa, lililokaa ndani ya diski ya mwenyeji pamoja na mafaili mengine. Kila ilipotaka kusoma au kuandika, iliomba: nipe kipande namba fulani, au, andika hiki kwenye kipande namba fulani. Msimamizi alipokea ombi, akaenda kwenye faili, akarudi na jibu. Tangu siku ilipowashwa mara ya kwanza, kompyuta ile haikuwahi kugusa diski ya kweli.

Ujanja huu umewazidi umri wazazi wenu wengi. Katika miaka ya 1960 kompyuta moja ilijaza chumba na kugharimu fedha nyingi mno, kwa hiyo watu wengi walilazimika kuitumia pamoja. Wahandisi wa IBM mjini Cambridge, Massachusetts, nchini Marekani, wakiongozwa na Robert Creasy, wakatengeneza mfumo ulioitwa CP-40, ulioanza kazi mwaka 1967. Kila mtumiaji alipata kompyuta pepe yake, na diski yake ndogo ambayo kwa kweli ilikuwa kipande tu cha diski kubwa. Mwaka 1972 IBM ikatangaza mfumo wa ukoo huohuo kwa wateja wake kwa jina VM/370. Baadaye ujanja ukashuka hadi kwenye kompyuta za kawaida. Kampuni ya VMware ilitoa programu yake ya kwanza mwaka 1999, Mfaransa Fabrice Bellard akaanzisha QEMU mwaka 2003, na mwaka 2007 uwezo uitwao KVM ukaingizwa ndani ya Linux yenyewe. QEMU na KVM hazina bei. Ndiyo maana hata shule ya kilimani inaweza kuwa nazo.

Turudi chumbani. Diski ya sanduku lile ilikuwa ya zamani, yenye sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kila sekunde, na mkono mwembamba unaokimbia huku na huko juu yake kutafuta data. Diski za aina hiyo hujiwekea taarifa za afya. Sehemu ya sahani ikichakaa, diski huihama, hutumia sehemu ya akiba, kisha huongeza moja kwenye hesabu. Fundi aliitazama hesabu hiyo kila Jumatatu. Kwa muda mrefu ilisoma sifuri. Jumatatu moja ikasoma 8. Iliyofuata, 40.

"Inakufa," fundi akasema. "Siku yake siijui, lakini imeshaanza safari."

Bahati nzuri, wakati wa likizo alikuwa amefunga diski mpya ya SSD, isiyo na kitu kinachozunguka, ndani ya sanduku hilohilo. Kilichobaki ni kuhamisha faili kutoka diski moja hadi nyingine. Shida ni kwamba ilikuwa wiki ya kuingiza alama. Walimu walikuwa kwenye mfumo tangu asubuhi mpaka jioni, na mwalimu mkuu alikuwa ameshasema: usizimwe.

Yule msichana wa kidato cha pili, ambaye saa za michezo ungemkuta chumbani humo, akauliza, "Mwalimu, si tuizime usiku, tunakili faili, halafu tuiwashe?"

"Ukipata nafasi, hiyo ndiyo njia ya kuchagua," fundi akamjibu. "Kompyuta ikiwa imezimwa, faili halibadiliki. Unanakili, unamwambia msimamizi kwamba faili sasa liko huku, umemaliza. Hebu piga hesabu ya muda."

Diski ya zamani ilikuwa inasoma kama megabaiti 100 kwa sekunde. Gigabaiti 60 ni kama megabaiti 60,000. Msichana akagawanya: sekunde 600, dakika kumi. Diski mpya ingeweza kupokea karibu mara tano ya kasi hiyo, lakini mwepesi akifuatana na mzito hana budi kwenda kwa mwendo wa mzito.

"Na kama tungekuwa tunaipeleka Nairobi?"

"Ni zaidi ya kilomita 300, lakini si umbali utakaokuchelewesha. Chukua intaneti ya megabiti 20 kwa sekunde, ukumbuke kwamba baiti moja ni biti nane."

Akahesabu tena. Saa sita na dakika arobaini. Hapo akaona kwa nini kuhama ndani ya sanduku moja ni kazi ndogo. Data inapita kwenye nyaya za ndani, haitoki hata mlangoni. Tena kuna kitu kingine ambacho hakiguswi kabisa, nacho ni kumbukumbu, pale kompyuta inapoweka mambo inayoyafikiria sasa hivi. Kompyuta pepe ikihamia sanduku jingine bila kuzimwa, lazima ibebe na mawazo yake. Ikibadilisha diski tu, mawazo yanabaki palepale yalipo.

"Dakika kumi! Si tungoje tu usiku?"

"Diski hii haijaniahidi kwamba itafika usiku. Tutahamisha sasa hivi, kompyuta ikiwa kazini."

Msichana akakunja uso. "Lakini walimu wanaandika. Nikishanakili kipande cha kwanza, nikiwa kule mbele mtu akakibadilisha kile cha kwanza, nakala yangu si itakuwa na uongo?"

Hilo ndilo swali. Wahandisi waliumiza vichwa juu yake. VMware walileta uwezo wa kuhamisha diski ya kompyuta pepe inayofanya kazi mwaka 2007, na Microsoft wakafuata katika Windows Server ya 2012. Jibu lao, fundi alilieleza kwa mfano wa kutoka Nyamira.

"Kwenu si Kebirigo? Umewahi kwenda na nyanya yako kwenye kituo cha majani chai?"

"Mara nyingi."

"Basi tuseme daftari la karani limechakaa, kurasa zinachomoka, na foleni ya wakulima haiishi. Karani hawezi kuwaambia akina mama warudi na vikapu vyao kesho, maana majani mabichi hayangoji. Afanye nini?"

Msichana akafikiri. "Awe na msaidizi. Msaidizi anakili la zamani kwenye jipya, kuanzia ukurasa wa kwanza."

"Mama akileta kilo, na ukurasa wake umeshanakiliwa?"

"Karani aandike kwenye madaftari yote mawili."

"Na kama haujanakiliwa?"

"Aandike kwenye la zamani tu. Msaidizi ataukuta akifika huko."

"Msaidizi akimaliza?"

"Madaftari yako sawa. Karani anafunga la zamani, anafungua jipya." Akanyamaza kidogo, kisha akacheka. "Na mama aliye kwenye foleni hajui chochote! Yeye anamwona karani tu, hasomi daftari."

Amepata. Karani ni msimamizi, na mama mwenye kikapu ni kompyuta ya mitihani. Kwa kuwa maombi yote hupitia kwa mtu mmoja, ghala lililo nyuma yake linaweza kubadilishwa bila anayeomba kuhisi kitu.

Mashine ina mbinu moja zaidi. Msimamizi huligawa faili katika vipande vidogo, tuseme vya kilobaiti 64 kila kimoja, kisha huchora ramani yenye alama moja kwa kila kipande: sifuri maana yake kipo sawa pande zote mbili, moja maana yake bado. Kipande kilichonakiliwa kikiandikwa upya, na msimamizi hajayafikisha maandishi hayo mapya upande wa pili, alama yake hurudi kuwa moja, na zamu yake huja tena. Diski ya gigabaiti 60 huwa na vipande 983,040. Ramani yake nzima, kwa biti moja kwa kila kipande, haizidi kilobaiti 120. Picha moja ya simu ni nzito kuliko hiyo. Kazi inaisha pale alama zote zinapokuwa sifuri.

"Je, walimu wakiandika haraka kuliko msimamizi anavyonakili?"

"Basi haitaisha, mpaka upunguze waandishi au ungoje wapumzike. Lakini mwalimu anayeandika 67, halafu 54, hawezi kuishinda diski."

Kabla ya kuanza, fundi alihakikisha mambo mawili. La kwanza, kwamba diski mpya ina nafasi ya kutosha, maana mpaka mwisho wa kazi mafaili yote mawili yatakuwepo. La pili, kwamba nakala ya akiba ya jana usiku ipo, tena nje ya sanduku. Kisha akaandika amri. Kwenye kioo cha kompyuta yake ya mkononi ikatokea asilimia: 1, 2, 3.

Kisii mvua haina likizo ndefu, na mara nyingi mchana mawingu hupanda kutoka upande wa Ziwa Victoria. Asilimia ilipofika 71 radi ikapiga, umeme ukakatika. Betri ya akiba, iliyokuwa imezeeka kuliko diski, ikalia mara mbili na kuzima. Feni ikanyamaza.

"Alama zimepotea," msichana akasema kwa sauti ndogo.

"Ziko wapi alama?" fundi akamuuliza. "Fikiri kwanza."

Fikirini na ninyi. Wakati wote wa kunakili, kila alama ya mwalimu ilikuwa inaandikwa kwenye faili la zamani. Mpaka saa ya kugeuza, hakuna neno hata moja linaloandikwa kwenye faili jipya peke yake. Kwa hiyo la zamani lilikuwa kamili, na jipya lilikuwa asilimia 71 ya kitu, yaani si kitu. Umeme uliporudi, kompyuta ya mitihani iliwaka kutoka kwenye faili la zamani, ikapitia shajara yake kuona kama kuna maandishi yaliyokatwa katikati, ikayatengeneza, ikaendelea. Mwalimu mmoja alilazimika kuandika tena alama ambayo hakuwa ameihifadhi. Fundi akafuta ile nakala nusu bila huruma na kuanza upya.

Safari hii ilifika 100, na kioo kikaandika kwamba nakala iko tayari. Fundi hakugeuza palepale. Hali hiyo ya kuwa tayari inaweza kudumu hata saa nzima, mafaili yote mawili yakiandikwa pamoja, na wewe unaweza bado kughairi bila hasara. Akamwambia msichana, "Kimbia ofisini. Simama nyuma ya mwalimu yeyote anayeingiza alama, uangalie kama kutatokea kitu."

Msichana akasimama nyuma ya mwalimu wa Kemia. Mwalimu alikuwa na karatasi mkono wa kushoto, mkono wa kulia uko kwenye kibodi. Aliandika 48, akabonyeza, akashuka mstari. Akaandika 73, akabonyeza, akashuka mstari. Katika nafasi hiyo ya kushuka mstari, kule chumbani, msimamizi alizuia maombi yote kwa chembe ya sekunde, akamalizia vipande vya mwisho, akaachia faili la zamani, akashika jipya, akaruhusu maombi yapite. Mwalimu akaandika 61. Alipofungua orodha ya darasa lililofuata tu ndipo aliposema, "Leo mtandao una mbio." Mtandao ulikuwa uleule. Mkono uliokuwa ukikimbia juu ya sahani ndio uliokuwa haupo tena.

Msichana akarudi akiruka. "Imehama! Sasa tufute la zamani?"

"Hapana," fundi akasema. "Sehemu ya hatari ndiyo inaanza."

Kila kompyuta pepe ina karatasi yake ya maelezo, faili dogo linalosema ina kumbukumbu kiasi gani, kadi gani ya mtandao, na diski yake iko wapi. Kompyuta ikiwa kazini, msimamizi anaweza kuigeuzia diski bila karatasi hiyo kubadilishwa. Programu nyingine huibadilisha zenyewe, nyingine hukuachia wewe. Ukisahau, leo kila kitu kitakwenda vizuri. Wiki ijayo umeme ukatike, msimamizi aisome karatasi, aende kwenye anwani ya zamani, na akikuta faili la zamani bado lipo, ataliwasha bila kuuliza. Kompyuta itaamka ikiwa na alama za wiki iliyopita. Hakuna taa nyekundu itakayowaka wala ujumbe wa kosa. Alama mpya zitakuwa zimelala kwenye diski nyingine, na walimu watagombana nani hakuandika.

Kwa sababu hiyo fundi alifungua karatasi ya maelezo, akasoma mstari wa diski kwa kidole, akauona unataja anwani mpya. Kisha akalibadilisha jina faili la zamani, akaliongezea maneno "usitumie". Hiyo ni mbinu ya mafundi waliowahi kuungua. Kama kuna kitu popote ambacho bado kinalitegemea faili lile, sasa kitashindwa kwa kelele, nawe utajua siku hiyohiyo. Kosa linalopiga kelele lina nafuu. Linalonyamaza ndilo linalokula alama za watu.

Jioni, walimu walipoondoka, waliizima kompyuta ya mitihani na kuiwasha kwa makusudi, waone itaamkia wapi. Iliamkia kwenye diski mpya. Wakatafuta ile alama 61 ya Kemia, wakaikuta. Faili la zamani liliachwa wiki nzima kabla ya kufutwa.

Msichana alikuwa na swali la mwisho. "Kwa kuwa tuna mafaili mawili, tungeweza kuwasha kompyuta mbili?"

Mngepata mapacha wanaogombania jina. Zingekuwa na namba ileile ya utambulisho na namba ileile ya kadi ya mtandao, na mtandao usingejua ujumbe umpelekee nani. Ndiyo sababu VMware, ikikuta kompyuta pepe mahali papya, hukuuliza kwanza: umeihamisha, au umeinakili? Ukisema umeinakili, huipa utambulisho mpya. Wala msidhani kuwa na diski mbili ndani ya sanduku moja ni akiba. Mwizi akibeba sanduku, au radi ikilipiga, zote mbili huenda pamoja.

Sasa ni zamu yenu. Mkiwa na kompyuta yenye Linux na QEMU, undeni kompyuta pepe ndogo na mwandike barua ndani yake. Izimeni, kisha nakilini faili la diski yake kwenye diski nyingine au flashi. Pimeni mafaili yote mawili kwa amri ya sha256sum. Amri hiyo husoma faili zima na kutoa herufi na tarakimu 64, na biti moja tu ikitofautiana mstari hutoka mwingine kabisa. Mistari miwili ikifanana tarakimu kwa tarakimu, badilisheni jina la faili la zamani, muiambie QEMU anwani mpya, muiwashe, mfungue barua. Mkishaisoma, ongezeni sentensi moja, muizime, mpime tena. Mistari itakuwa imeachana, kwa sababu faili jipya limeanza maisha yake. Kuanzia hapo la zamani ni historia, na mnaweza kulifuta.